Aliyezifungia Nyimbo Mlango

Jina lake ninalijua, na la baba yake pia, lakini sitayataja. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutaja majina ya watu redioni: waliofariki, waliofaulu mtihani, waliopotelewa na mbuzi. Kutajwa ni heshima, na heshima hiyo yeye hataipata kwangu. Nitamwita Mtunza Nyimbo, kwa kuwa ndivyo alivyojiita mwenyewe. Mtu wa Kasongo, mji wetu, akisoma hapa atamjua bila kusaidiwa, na mimi nitafurahi akimjua.

Redio yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko, yenye mnara wa chuma, pano za umeme wa jua juu ya bati, na grupu, yaani jenereta ya petroli, ya kutuokoa siku za mawingu. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Direkta. Cha pili kilikuwa cha mikro, ndimo nilimofanyia kazi ya utangazaji. Cha tatu tulikiita diskoteki, wala hakuna aliyewahi kucheza humo. Ndimo ilimokaa kompyuta yenye nyimbo zote za redio, na mbele ya kompyuta alikaa yeye, mgongo wima, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata joto liwe la kukaanga karanga.

Kompyuta ile ilikuwa na programu moja ya kupigia muziki, na programu ilikuwa na maktaba yake. Wimbo usipoingia katika maktaba, haukuenda hewani. Na maktaba ile, kwa miaka kama mitatu hivi, ilikataa nyimbo mpya. Ungeleta karte, ile kadi ndogo ya simu, yenye nyimbo za korali yako, angeichomeka, angebofya mahali pa kutafuta, na programu ingejibu kwamba haikuona kitu kipya. Nyimbo ungeziona kwa macho yako ndani ya kompyuta, lakini maktaba ilizipita kama mtu anayepita mbele ya anayemdai.

"Mashini imeshiba," alikuwa anasema. "Haitaki kula tena. Kesho utapita."

Siwezi kusema alikuwa mchafu wa kazi. Alinawa mikono kabla ya kugusa vibonye vya klavye. Aliingia diskoteki miguu mitupu, viatu vikabaki mlangoni vimeelekea nje. Kompyuta aliifunika kwa kitenge, na kitenge alikifua mwenyewe kila Jumamosi, ingawa alikuwa na mke na mabinti. Karte za watu alizitia kwenye kopo la maziwa, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake: mwekundu wa korali ya Wakatoliki, wa buluu wa Waprotestanti, wa kijani wa vijana wa kasida. Hakuandika popote. Ungemuuliza uzi wa njano ni wa nani angekuambia hapo hapo, na angekuongezea kwamba mpiga ngoma wao anachelewa katika ubeti wa pili.

Nyimbo alizijua kuliko walioziimba. Kiongozi mmoja wa korali alikuja siku moja kulalamika kwamba wimbo wao umekatwa mwisho. Mtunza Nyimbo akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Hamukumaliza. Soprano yenu moja alikohoa, mukaacha." Yule bwana akaondoka kichwa chini. Wakati wa Ramadhani hakuruhusu kasida ifuate wimbo wa baa moja kwa moja. Aliweka kati yao ngoma tupu, isiyo na maneno, ili, kama alivyosema, sikio la muumini linawe kwanza. Masheikh walimpenda kwa hilo, na mapadri nao walimpenda kwa mengine.

Alikuwa na misemo yake. "Mlango usiofungwa si mlango, ni tundu." Huo aliupenda kuliko yote. Mwingine: "Wimbo mzuri unajua kungoja." Mwingine aliutoa kila mara Direkta alipomsukuma: "Redio ni tumbo. Tia kila kitu, utaona itakachotapika." Sisi tulicheka, tukaona ni busara. Leo nikiikumbuka nasikia jino likiniuma, kwa sababu mtu aliyekuwa akinena hivyo ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo.

Maana mashine haikukataa kila siku. Mara mojamoja ilikubali, na alipoulizwa alisema ameibembeleza. Hapo ndipo kuku walipoingia. Hakuomba kuku, nasema kweli. Hakuwahi kufumbua kinywa kuomba hata yai. Lakini Kasongo watu hawaendi kwa mganga mikono mitupu, na yeye walishamfanya mganga wa mashine. Korali ikileta jogoo, baada ya siku chache mashine ilikuwa imebembelezwa. Mama mmoja wa Nyangwe alileta samaki wa kukausha, kapu zima, na wimbo wa harusi ya bintiye ukalia hewani kabla samaki hawajaisha nyumbani kwake. Wasiojua desturi walingoja.

Kisha kukaja ziara ya mkubwa mmoja wa serikali kutoka Kindu. Watoto wa shule walikuwa wametungiwa wimbo wa kumpokea, ukarekodiwa jana yake. Asubuhi ile Mtunza Nyimbo alitoka diskoteki, akasimama mlangoni pangu, akaniuliza, "Mama, leo tarehe ngapi?"

Nikamwambia. Akashukuru, akarudi ndani. Mkubwa alipokuwa anashuka garini, wimbo wake ulikuwa unalia kwenye redio zote za soko. Direkta alimkumbatia mbele ya watu. Mimi pia nilipiga makofi.

Sasa nije kwenye kosa langu, kama yeye alivyoliona, maana mimi silioni kuwa kosa hata leo. Kwa kuwa nyimbo zilikuwa zile zile na mpangilio ule ule, watu wa soko walikuwa wameacha kutazama saa. Wakisikia wimbo fulani wa kiasili wanajua ni wakati wa kutia bugari, ugali wetu, motoni. Wakisikia mwingine wanawaita watoto. Siku moja nikatania kwenye mikro: "Wasikilizaji, aliyevunjikiwa saa asinunue nyingine. Kwetu redioni tunaye Mtunza Saa." Kasongo ilicheka wiki nzima. Wauza nyanya walimpigia kelele njiani: "Papa Saa! Papa Saa!" Kesho yake aliniletea karanga za kuchemsha, zimefungwa kwenye jani, za moto bado. Nilizila. Nilidhani yamekwisha.

Mama yangu alikuwa mtu wa upande wa Kabambare, Mbangubangu kwa kabila, na alikuwa mwimbaji. Si wa kanisani. Alikuwa mmoja wa wale wanawake ambao msiba hauanzi mpaka wafike, na bibi harusi hatoki chumbani mpaka waimbe. Alipoanza kuugua nilikwenda naye kijijini kwao, nikamrekodi pamoja na wenzake uani, kwa simu yangu. Miongoni mwa nyimbo zile upo mmoja wa kumsindikiza mtoto anayeondoka nyumbani. Mama anamtajia mwanawe vitu vya kuchukua: chumvi, kiberiti, jina la babu yake, na neno la kumwambia mtu atakayempa maji njiani. Mwisho anamwambia asigeuke nyuma, kwa sababu anayelia hataki kuonwa. Mama alitaka wimbo huo ulie redioni. Alisema watu wake wametawanyika, wengine Kindu, wengine machimboni Salamabila, na hana miguu ya kuwafuata. Sauti ndiyo itakayokwenda.

Nikazihamishia nyimbo kwenye karte, nikampa Mtunza Nyimbo mkononi. Wiki ile ile, wakati wa kuvuka mto njiani, simu ilinidondoka majini. Sikuhangaika sana. Karte ilikuwa mikononi mwa mtu asiyepoteza kitu.

Nilimpelekea kuku pia, nisije nikaambiwa sikujua desturi. Alimrudisha.

"We mutu wa hapa nyumbani," alisema. "Kuku yako nitaikula namna gani? Nyimbo ya mama itapita tu. Ngoja mashini ipate njaa."

Nikangoja. Mama naye akangoja. Alilala kwenye mkeka barazani, redio ndogo imelala juu ya tumbo lake, na kila mchana aliniuliza nikirudi, "Leo watapiga?"

"Pengine kesho, mama."

"Muulize pole pole. Usimukasirikie."

Na hili ndilo linaloifanya chuki yangu kuwa kazi ngumu, kwa maana ingekuwa rahisi kama angekuwa shetani mzima. Siku mama alipozidiwa, mvua ilikuwa imekata njia na hakuna motari wa pikipiki aliyekubali kutoka. Mtunza Nyimbo alisikia, akaja na baisikeli yake, kinga kama tunavyoiita. Akamkalisha mama nyuma, akamfunga kwa kitenge kwenye kiti asianguke, na akaisukuma ile baisikeli kwenye matope mpaka hospitalini, mimi nikishika mwavuli. Alipanda mlima akihema kama mbuzi wa mnada. Hakutaka asante. Njiani mama alimwimbia kidogo, kwa sauti iliyobaki, na yeye akamwambia, "Mama, ubeti wa tatu umeruka." Mama akacheka mpaka akakohoa.

Jioni mama aliniambia, "Ule papa, mumuache. Mutu mwenye kusukuma kinga na mugonjwa juu yake, roho yake haiko mubaya."

Mama alikufa bila kusikia wimbo wake. Redio ilikuwa juu ya tumbo lake, na ilikuwa inalia ule wimbo wa kutia bugari motoni. Komunike, tangazo la msiba, niliisoma mimi mwenyewe kwenye mikro, kwa sababu nilitaka sauti ya kumtaja iwe yangu. Nilimwomba Mtunza Nyimbo kupitia kioo cha ukuta uliotutenga: "Hata leo, papa, leo tu." Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, machozi yanamtoka. Akaniwekea korali.

Baada ya kutoa matanga nilirudi kazini. Yeye alikuwa amesafiri kwenda Nyangwe kwa harusi ya ndugu. Niliingia diskoteki kuchukua karte ya mama. Uzi wake ulikuwa mweupe. Nilimwaga kopo lote mezani. Mwekundu, buluu, kijani, njano. Mweupe haukuwamo. Nilitafuta chini ya meza, ndani ya kitenge, kwenye nyufa za sakafu. Nikakaa kwenye kiti chake nikalia. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukaa hapo, nikachukua karte ya korali ya watoto nikaichomeka. Nilitaka kuona kwa macho yangu mashine inavyokataa.

Nikanakili nyimbo. Nikabofya kutafuta. Programu ikajibu kwamba haikuona kitu kipya. Nikafungua mahali faili zilipo, na zilikuwapo zote, zimepangwa, kila moja na tarehe yake pembeni. Tarehe ile ndiyo iliyonishika. Ilikuwa ya mwaka wa zamani mno. Mwaka ule redio yetu ilikuwa haijajengwa, na hao watoto wanaoimba walikuwa hawajazaliwa.

Nikatazama saa ya kompyuta pembeni mwa kioo. Ilionyesha mwaka ule ule.

Hapo nikaelewa, polepole. Ndani ya kompyuta kuna batri ndogo ya kushika saa umeme ukizimwa. Yetu ilikuwa imekufa zamani, na sisi kila jioni tulikata umeme wote ili kutunza nguvu za pano. Kila asubuhi mashine iliamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Programu nayo ilikuwa na tabia moja: ilitafuta tu faili zenye tarehe ya baada ya wimbo wa mwisho ilioupokea. Wimbo ulioletwa leo ulipigwa muhuri wa mwaka wa zamani, na programu ikauona mzee, ikaupita. Haikuwa imeshiba. Haikuwa mgonjwa. Ilitaka tu kuambiwa tarehe.

Nikaiambia tarehe. Nikafuta zile nyimbo, nikazinakili upya, nikabofya. Wimbo wa kwanza ukaingia. Wa pili. Wa tatu. Watoto wote wakaingia, wakapanga mstari, na mimi nikiwa nimekaa pale sina hata wimbo mmoja wa mama yangu wa kuwafuatisha. Mlango ulikuwa wazi na mgeni niliyemfungulia hakuwapo tena.

Kisha nikakumbuka. Asubuhi ya ziara ya mkubwa aliniuliza: leo tarehe ngapi? Asubuhi ya samaki wa Nyangwe: leo tarehe ngapi? Kila mara mashine ilipobembelezwa, alikuwa amepita mlangoni pangu kuuliza tarehe, na mimi nilimjibu kwa tabasamu. Kwa wimbo wa mama yangu hakuwahi kuniuliza.

Alipotoka Nyangwe nilimngojea mbele ya Direkta na wafanyakazi wote. Nikaeleza, nikaonyesha kwenye kompyuta. Yeye alisimama miguu mitupu, akatazama ukuta.

"Ulijua?" Direkta akamwuliza.

"Nilijua."

"Toka zamani?"

"Mashini ikipokea kila mutu, redio itakuwa soko," alisema. "Lazima kuwe na mutu ku mulango."

"Na karte ya mama yangu?" nikasema.

"Karte imepotea."

Alisema hivyo bila kunitazama. Direkta, ambaye alikuwa mtu wa kuogopa kelele, alitaka mambo yaishie humo chumbani. Mimi sikutaka yaishie humo. Mchana ule nilikaa kwenye mikro nikasoma komunike niliyoitunga mwenyewe. Nilisema: korali zote, vikundi vyote vya kasida, mama wote ambao nyimbo zao zilikataliwa, waje, mashine haikuwa imeshiba, kuna mtu alikuwa ameikaba koo. Jina sikulitaja. Nilisema pia kwamba walioleta kuku wanaweza kwenda kuwaulizia.

Kabla jua halijashuka, uwanja wa nyumba yake ulikuwa umejaa. Watu walitaka jogoo wao. Wengine hawakuwahi kuleta hata unyoya, lakini nao walikuja kudai. Waliwafukuza kuku kila mahali, na waliotoka na kuku walikuwa wanaimba. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kichwani. Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia, nimeegemea ukuta wa jirani, natazama. Nilifurahi. Watu wa kanisani waliniambia baadaye kwamba nilipita kiasi, na mimi nikawaambia kwamba bado.

Hakurudi kazini. Alipita sokoni mara moja mbili, watu wakamlilia kama kuku, na baada ya muda tukasikia amehama. Nilichukua kiti chake. Kila asubuhi niliweka tarehe kwanza, ndipo nikawasha programu. Na nyimbo za Kasongo nzima zikaingia, nzuri na mbaya. Kwa kweli mbaya zilikuwa nyingi. Usiku sikuwa naomba Mungu amrudishe njia njema. Nilikuwa naomba anikutanishe naye mbele ya watu.

Mungu alinisikia Salamabila.

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mama mdogo, dada ya mama yangu, aliyehamia huko kwa mwanawe. Tulitoka Kabambare kwa pikipiki, mimi na kibuyu cha mafuta ya mawese, na motari akanishusha mwanzo wa soko kwa sababu njia ilikuwa imejaa watu. Salamabila ni kelele: mashine za kusaga mawe, bafle, yaani spika, za kila duka, wachimbaji wanaoitana. Nikatembea. Na katikati ya kelele ile nikasikia mtu anakohoa.

Kikohozi kidogo, mara mbili, kisha pumzi inavutwa. Miguu ilijua kabla yangu. Kibuyu kiliteleza nikakidaka tumboni. Kisha mama akaanza kuimba.

Niliwasukuma watu. Chini ya bati lililoegeshwa kwenye miti, palikuwa na meza, kompyuta ndogo, nyaya, bafle mbili kubwa zilizowekwa nje njiani, na ubao ulioandikwa kwamba hapa nyimbo zinatiwa kwenye simu. Wachimbaji kadhaa walikuwa wamechuchumaa mbele ya bafle, matope meupe yamekauka miguuni. Hawakuwa wanaongea. Na nyuma ya meza, shati limefungwa mpaka shingoni chini ya koti, alikaa yeye. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe zote.

"Papa," nikasema. "Ile nyimbo umeitoa wapi?"

Akainua kichwa. Akanitambua.

"Aa. Ni weye."

"Ulisema imepotea."

"Karte ndiyo ilipotea, haki ya Mungu. Lakini nyimbo nilikuwa nimekwisha kuzitia mu simu yangu. Siku ile ile uliniletea."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Nilikuwa nazisikilizaka ku nyumba."

Nilisimama na kibuyu changu. Mama yangu alikuwa amelala na redio juu ya tumbo akingoja sauti yake, na sauti yake ilikuwa inalia mtaa wa pili, nyumbani kwa mtu huyu, pamoja na chakula chake cha jioni.

"Sababu gani?" nikasema. "Sababu gani hukumupigia? Alikuwa anakupenda!"

"Ulinicheka mbele ya Kasongo muzima," alisema. "Nikasema, angoje kidogo. Kidogo tu. Sikujua atakufa. Halafu akakufa, na mimi ningekurudishia na uso gani? Ungejua nilikuwa nazo."

Miaka yote ile nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo yote, na watu nilikuwa nao, na wachimbaji wa Salamabila si watu wa kungoja mahakama. Ningewaambia nusu tu ya habari wangeivunja meza ile mpaka vijiti. Nikaweka kibuyu chini. Ili wanisikie, nikashika kable ya bafle nikaichomoa.

Nilimkata mama katikati ya neno.

Sikuwa nimefikiri hilo. Mdomo wake ulibaki wazi, nasema hivyo ingawa hakuwa na mdomo pale. Wachimbaji wakainuka wote pamoja.

"We mama, unafanya nini?"

"Rudisha ule mama aimbe!"

Mmoja wao, mtu mzima, karibu umri wangu, akaja mpaka mbele yangu. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye matope ya uso wake, na hakuyafuta.

"Mama, tunakuomba," alisema. "Sisi hapa wote tuko naye mu simu. Lakini mu bafle ndiyo tunamusikilizaka pamoja. Mi nilitoka kwetu bila kuaga. Muachie amalize kuniaga."

Nikamtazama Mtunza Nyimbo. Alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili, anangoja nitakachosema. Alijua ninacho cha kusema. Na mimi nilimchukia kuliko siku ya kuku, kuliko siku ya karte, kwa sababu mimi na redio yangu na mnara wangu wa chuma hatukumfikisha mama kwa watu wake, na yeye alimfikisha. Alikuwa amefanya lile alilomnyima, na alilifanya vizuri, na hakunibakizia hata mahali pa kumpigia.

Nikaichomeka kable kwa mkono wangu.

Mama akaendelea. Wachimbaji wakachuchumaa tena. Mimi nikaingia chini ya bati, nikaketi kwenye benchi lake la wateja bila kukaribishwa, na upepo wa mvua ukaanza kuinua vumbi la njia. Matone ya kwanza yakagonga bati. Bafle zilikuwa nje. Mtunza Nyimbo akanyoosha mkono kwenye kompyuta.

"Mvua inakuja," aliniambia kwa unyenyekevu. "Nizime?"

"Uzime, utaona," nikasema.

Akanitazama kuona kama natania. Kisha akavua koti, akatoka nje miguu mitupu, akalitandaza juu ya bafle mbili na kulishikilia kwa mikono yote, na mvua ikampiga mgongoni. Wachimbaji walijibana chini ya bati karibu nami, mabega kwa mabega. Alisimama hivyo mpaka mama alipomwambia mwanawe asigeuke nyuma, mpaka sauti za wenzake zikanyamaza moja moja. Maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni. Akanigeukia, anatetemeka, anangoja ruhusa ya kuingia.

Nikamwambia mchimbaji aliye karibu na kompyuta aurudishe wimbo mwanzo.